Kilima Anaita Mbuga

Kambi ya Nzige,
juu ya Bonde la Rukwa
11 Januari 1953

Dada yangu Roda,

Kabla hujasoma mbele, mshike Mama mkono kwa niaba yangu, umwambie Fanueli wake anakula, analala, na kile kifua kilichonisumbua wakati wa Krismasi kimetulia. Mimi na shemeji, mumeo, tulifika salama siku ya nne. Lori la Jonasi lilikwama mara mbili baada ya kupita Chitete, tukalisukuma hadi viatu vyangu vikabaki kwenye tope. Kimoja nilikipata. Cha pili nimewaachia watu wa Momba. Mjomba Raphaeli amesharudi kwake ng'ambo ya mpaka, au bado yuko hapo anawamaliza kuku wenu?

Sasa habari za kazi. Kambi iko ukingoni kabisa, mahali nchi ya juu inapokatika ghafla, na chini yake ni mbuga. Dada, sijui nikuelezeje. Asubuhi mbuga haipo. Kuna ukungu tu, kama mtu amemwaga maziwa katikati ya milima. Jua likipanda yanatokea majani, halafu maji, halafu mbali sana mstari wa buluu ambao wengine wanasema ndilo ziwa, na wengine wanasema ni macho yetu tu. Huko ndiko wanakozaliwa nzige wekundu. Kazi yetu ni kuwatafuta wakiwa bado matumutu, hawajaota mabawa, wauawe kabla hawajapanda kuja kula ulezi wenu.

Msimamizi wetu, Bwana Kolman, ameletewa simu za upepo. Ni sanduku la chuma la kubeba mgongoni, zito kama debe la mahindi, lina ufito mrefu juu na mkono wa kushika sikioni. Ukitaka kusema unabonyeza kitufe. Ukimaliza unasema "ova" na kukiachia, ndipo mwenzako apate nafasi. Wawili hawawezi kusema kwa pamoja. Nimefikiri kifaa hiki kingefaa sana katika vikao vya ukoo wetu.

Mimi, kwa kuwa nimefika darasa la sita, nimewekwa huku juu kuandika kila linalosemwa. Jina langu hewani ni Kilima. Shemeji Anania hajui kusoma, lakini hakuna anayemshinda kwa kutembea, basi amepewa sanduku la pili ashuke nalo. Yeye anaitwa Mbuga.

Bwana Kolman alituambia simu hizi zinafika maili kumi na tano. Tumezijaribu siku tatu, na nakuandikia kama nilivyoandika kwenye daftari langu. Shemeji akiwa ndani ya majani marefu, maili tatu, na baada ya hapo unasikia mkwaruzo kama mchanga kwenye kikaango. Akisimama mahali peupe ninapoweza kumwona, maili kumi na mbili, na sauti safi kana kwamba amekaa begani kwangu. Akipita nyuma ya kilima kidogo cha mawe, hata nusu maili tu, hakuna kitu. Bwana Kolman aligonga sanduku lake kwa kiganja kama mtu anayemgonga punda. Haikusaidia.

Jana nilimwona shemeji kule chini, mdogo kama punje ya ulezi, na papo hapo akaniambia sikioni: "Kilima, hapa Mbuga. Nimekanyaga maji. Ova." Nikacheka peke yangu.

Nilimuuliza kama ana neno lake nikuandikie. Akafikiri sana. Akasema, "Mwandikie kwamba nimefika." Basi nimeandika.

Mdogo wako,
Fanueli Simbeye


Mpemba
2 Februari 1953

Mdogo wangu Fanueli,

Barua yako Jonasi aliileta mwenyewe hadi mlangoni, ina alama ya kidole cha mafuta ya lori juu ya jina langu. Mama aliinusa kwanza, akasema ina harufu ya samaki. Nilimsomea mara tatu. Mara ya tatu nilidhani amesinzia, nikaacha, naye akasema bila kufumbua macho, "Endelea." Hajambo, ila miguu inavimba jioni. Mjomba aliondoka, ametuachia salamu zake za "mwapoleni" nyingi na manyoya ya kuku wawili. Mvua ni nzuri. Mahindi yananifika kiunoni, na mbuzi mweupe amezaa mapacha.

Nimefurahi umepata kazi ya kalamu. Nilipokuwa nakufundisha herufi kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, Mama alinichapa mimi, wewe hakukugusa. Naona fimbo ile haikupotea bure.

Kumbe lipo sanduku la kumfikishia Mzungu maneno maili kumi na mbili. Mimi nimekaa na mume nyumba moja mwaka mzima, hatua tatu kutoka kitandani hadi mlangoni, na neno halikufika.

Habari yenyewe unaijua, lakini nitaiandika, maana mimi na wewe hatujawahi kuisema. Jenista wangu alipougua, Anania alikuwa Isoka kuuza mchele. Homa ilimchukua mtoto kwa siku mbili. Tulimzika Jumanne. Anania alifika Ijumaa, ana kitambaa cha gauni dogo mkononi, hajui lolote. Watu walikuwa wamekaa uani. Nikasimama mlangoni nikamwambia mbele yao wote, "Umekuja kumwona nani?"

Hakujibu. Hajajibu mpaka leo. Tangu siku ile hajalitaja jina la mtoto wetu, hata mara moja, na aliposikia kuna kazi ya nzige alikuwa wa kwanza kuandikisha jina. Mimi nilikuwa na haki ya kulia, Fanueli. Sikuwa na haki ya kusema vile. Lakini siku zimepita, na neno likikaa muda mrefu linaota mizizi, hujui utaling'oaje.

Usimsomee haya. Mwambie tu kwamba barua imefika.

Dada yako,
Roda


Kambi ya Nzige
1 Machi 1953

Dada Roda,

Nawasalimu nyote, na mapacha wa mbuzi pia. Leo ni Jumapili, tumeimba nyimbo mbili chini ya turubai, tukasali, na sasa wenzangu wanafua. Mimi nimekaa na daftari la kazi upande mmoja na barua yako upande wa pili. Nimetii, sikumsomea. Nilimwambia, "Barua imefika." Akaniuliza, "Ni ndefu?" Nikasema ni ndefu. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa chakula, akaenda kulala.

Mvua imetuharibia. Betri za simu zinanyonya unyevu, na sauti inakuwa nyembamba kama ya mtu mwenye njaa. Kila jua linapotoka tunazianika juu ya mawe, kama unavyoanika ulezi, nazo zinapata nguvu kidogo. Kusema kunakula betri kuliko kusikia. Hilo tumejifunza kwa taabu: mtu anaweza kukusikia vizuri kabisa na yeye asiweze kutoa neno. Saa za mchana kwenye jua kali kuna kelele nyingi hewani. Saa bora ni alfajiri, ukungu ukiwa bado haujaachana na maji.

Alfajiri moja nilisikia mwanamke akiimba. Si hapa. Si lugha ninayoijua. Ilikuja laini, ikakaa muda wa kuhesabu hadi ishirini, ikaondoka. Bwana Kolman alisema zipo siku ambapo anga inafanya hivyo, inarudisha sauti ya mbali kabisa chini kama mtu anayerusha mpira ukutani. Mpishi wetu anasema yule ni mwenye ziwa. Mimi nimeandika kwenye daftari: "Saa kumi na mbili kasoro robo, mwimbaji, hajulikani."

Shemeji sasa yuko mbali zaidi. Amepata kichuguu kikubwa ng'ambo ya mto Momba, kirefu kama nyumba, na akipanda juu yake namsikia toka maili ishirini, mbali kuliko hata Bwana Kolman alivyotuahidi. Anakaa huko wiki nzima na mwenzake Lusubilo, halafu wanarudi kuchukua posho. Amri ni kusema habari za nzige tu. Lakini alfajiri, Bwana Kolman akiwa bado hajaamka, shemeji ananieleza anachokiona. Dada, mtu yule ninayemjua mimi, ambaye salamu yake ni kukohoa, hewani ni mwingine. Anasema taratibu, anasema ova, ananingoja, halafu anaendelea. Anasema maji yametulia hadi mawingu yako chini ya miguu yake. Anasema ndege heroe walitua wengi sana hata maji yakawa mekundu, na walipoinuka alihisi ardhi imeinuka nao, akashika majani asianguke.

Na Jumanne iliyopita alisema hivi. Nimeyaandika neno kwa neno, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu: "Kilima, hapa Mbuga. Hapa pana mchanga mweupe, hauna mwiba. Jenista angekimbia hapa. Ova."

Nikabonyeza kitufe nikasema, "Mbuga, nimekusikia. Ova." Ni hivyo tu.

Mdogo wako,
Fanueli


Mpemba
22 Machi 1953

Fanueli,

Sisi ni wazima. Mama anakusalimu. Nyoka aliingia bandani, kuku wote wazima, nyoka hayupo tena.

Nimeisoma barua yako nikaenda kukaa nyuma ya nyumba. Ni kweli alisema "Jenista"? Usiniongezee chumvi kwa kunihurumia. Kama umeongeza, niambie, sitakasirika. Kama hukuongeza, basi amelisema jina lile katikati ya maji na ndege, maili ishirini mbali nawe, na mimi ningetembea maili zote hizo ili nilisikie.

Sasa nakuambia jambo, nawe ni mtu wa tatu kulijua, baada ya Mama na mkunga. Nina mimba. Anania aliondoka hajui, hata mimi nilikuwa sijawa na hakika. Mkunga Tabita anasema ni mwezi wa Agosti.

Usimwambie. Nasema tena, usimwambie. Nilipokuwa na mimba ya Jenista tuliwatangazia watu wote mapema, unakumbuka jinsi alivyochinja mbuzi. Safari hii naogopa hata kuliandika. Na habari hii haitupwi hewani kama habari za matumutu. Nitamwambia mimi, uso kwa uso, akija likizo ya Juni. Nataka lile neno langu la mlangoni nilitoe kwanza, ndipo hili liingie.

Niapie.

Roda


Kambi ya Nzige
10 Aprili 1953

Dada Roda,

Salamu nyingi. Mama hajambo? Miguu yake inaendeleaje?

Barua yako niliipata siku ya Pasaka. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika, na neno lako nitalishika. Hapa kwetu ni kazi tu. Mvua imezidi, mto Momba umejaa. Shemeji yuko mbugani. Simu zinasumbua kidogo kwa ajili ya unyevu, lakini tunajitahidi.

Jonasi anapiga honi, siwezi kuandika zaidi. Msalimu Mama, uniambie miguu yake inaendeleaje.

Fanueli


Mpemba
21 Aprili 1953

Fanueli,

Umeuliza miguu ya Mama mara mbili katika barua ya mistari tisa. Mimi ndiye niliyekufundisha kuandika. Najua unavyoandika ukiwa na neno chini ya ulimi.

Hukuandika kwamba shemeji yako anasalimu. Hata alipokuwa hana la kusema, uliandika kwamba hana la kusema. Nimemuuliza Jonasi, akaanza kufuta kioo cha lori ambacho kilikuwa kisafi.

Niambie. Mimi si mtoto, na hili nililolibeba linakua nikijua au nisipojua.

Roda


Kambi ya Nzige
24 Aprili 1953

Dada yangu,

Leo sina salamu za kuzunguka. Kaa chini, Mama awe karibu nawe.

Nilikudanganya tarehe kumi. Nilipoandika kwamba shemeji yuko mbugani, zilikuwa zimepita siku mbili hatujasikia sauti yake. Nilidhani atapatikana kabla barua haijafika, na uongo wangu ungekuwa umekufa wenyewe njiani. Sasa ni siku kumi na sita, nami siwezi tena kula chakula hapa na kukuacha wewe hujui.

Ilikuwa hivi. Baada ya Pasaka, Lusubilo alishikwa na homa akabaki kambini. Bwana Kolman alitaka shemeji angoje mwenzi mwingine. Shemeji akasema njia anaijua, matumutu hawangoji mtu. Akaenda peke yake hadi kwenye kile kichuguu. Siku ya Jumatano, alfajiri, alinipigia. Sauti ilikuwa nyembamba. Alisema: "Kilima, hapa Mbuga. Mto umehama. Maji yamezunguka kichuguu pande zote. Nzige hawapo. Tupo mimi na ndege. Ova."

Nikamwambia akae hapo hapo, tunakuja. Nikaachia kitufe, nikangoja. Hakujibu tena.

Watu sita walishuka siku hiyo na kamba. Maji yaliwafika kifuani maili nne kabla ya mto, na chini yake tope linalovuta mguu. Walirudi. Siku ya pili walijaribu upande wa mashariki, wakarudi tena. Mtumbwi hatuna, wavuvi wote wako ng'ambo. Kutoka huku juu mbuga yote ilikuwa kioo kitupu, Dada, anga chini na anga juu, na mimi nikitazama kwa darubini ya Bwana Kolman hadi macho yakawa yanaona watu wengi wakitembea juu ya maji, na nilipoyafikicha hawakuwapo.

Nilikaa na simu. Kila saa niliita: "Kilima anaita Mbuga. Kilima anaita Mbuga. Ova." Kisha nikasikiliza ule mchanga kwenye kikaango. Bwana Kolman alisema huenda betri yake haiwezi tena kutoa neno, lakini huenda bado inasikia, kwa hiyo tuendelee kusema. Kusema nini? Tulimwambia maji yanapungua, na hayakuwa yakipungua. Tulimwambia watu wako njiani, na watu walikuwa wamekaa kando ya moto wanakausha nguo.

Jumamosi adhuhuri nikafikiri hivi: mtu huyu yuko juu ya kichuguu siku ya nne. Kama ananisikia, anasikia uongo wangu. Kama anajiuliza ashuke kwenye maji ajaribu, au alale tu pale, ni kitu gani nilicho nacho cha kumpa? Nilikuwa na kimoja tu, na nilikuapia.

Dada, nimevunja kiapo. Nilibonyeza kitufe nikasema, "Shemeji, hapa ni Fanueli. Roda ana mimba. Mtoto atazaliwa Agosti. Amelisikia jina la Jenista ulilolitaja. Anataka urudi. Ova."

Nilipogeuka, Bwana Kolman alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliniuliza kwa Kiswahili chake, "Umesema habari gani? Nzige?" Nikamwambia hapana, nimesema habari ya nyumbani, dada yangu ana mimba na yule ni mumewe. Nilijua ndiyo mwisho wa kazi yangu. Akatazama mbuga. Kisha akasema, "Rudia."

Nikarudia. Nilirudia hadi jioni, na kesho yake, na keshokutwa. Kambi nyingine zenye simu zilinisikia zote, na mtu mmoja nisiyemjua, maili nyingi kaskazini, akaingia katikati akasema, "Hongera kwa dada yako. Ova." Kwa hiyo bonde lote la Rukwa linajua siri yako, na sijui kama yule mmoja aliyepaswa kuijua ameisikia.

Juzi maji yalipungua. Tulifika kwenye kichuguu. Hakuna mtu. Hakuna sanduku. Kuna manyoya mengi ya ndege na alama ya mahali mtu alipokaa.

Nisamehe kwa uongo wa kwanza. Kwa kiapo sijui kama niombe msamaha au nisiombe.

Fanueli


Mpemba
6 Mei 1953

Mdogo wangu, mwana wa mama yangu, Fanueli,

Mama anakusalimu, na miguu yake, kwa kuwa umeipenda sana, inaendelea vizuri. Mahindi tumeanza kuvuna. Sasa weka barua hii magotini, maana nitakwenda taratibu, kama mambo yenyewe yalivyokwenda.

Barua yako ya tarehe ishirini na nne Jonasi aliileta jana. Lakini Jumatatu ya tarehe ishirini na saba, saa tisa mchana, nilikuwa nimekaa uani napepeta ulezi. Kulikuwa na upepo, makapi yanaruka, jua limeingia ndani yake, sikuwa naona vizuri. Nikaona mtu amesimama kwenye makapi yale. Hakubisha hodi. Nilidhani ni mambo ya kuota mchana, nimekuwa nikiota hivyo tangu mimba hii ianze. Nikainuka ili aondoke.

Ndipo nikaona miguu yake. Mtu wa ndotoni hana miguu iliyovimba vile.

Anania alinitazama usoni, kisha akatazama tumbo langu. Akalitazama kama mtu anayesoma, yeye asiyejua kusoma. Akasema, "Kumbe ni hili." Halafu akaketi chini kwenye makapi, akaomba maji.

Yuko hai, Fanueli. Amekonda, amepasuka midomo, lakini ni yeye. Mama alimkanda kwa maji ya chumvi, akalala siku mbili. Kila nilipomuuliza ametokaje alisema, "Nilitembea." Nikadhani maji yamemchukua akili. Nami bado sikujua lolote, uongo wako bado ulikuwa ndio habari niliyokuwa nayo. Nilidhani ametoroka kazi.

Jana jioni nikawasomea barua yako, yeye na Mama, mbele ya jiko. Nilisoma habari ya mto, ya maji, ya kioo kile. Alikuwa akitazama moto. Nilipofika pale uliposema, "Shemeji, hapa ni Fanueli," akainua mkono. "Hapo," akasema. "Rudia hapo."

Nikarudia. Akasema, "Mimi nilipata hadi 'Roda ana'. Baada ya hapo ilikatika, sanduku likafa kabisa."

Ndipo akatueleza, sentensi moja baada ya nyingine, na kila sentensi nikingoja. Kitufe chake kilikuwa hakitoi neno tangu Jumatano, lakini alikusikia. Alilifungua sanduku kidogo kidogo ili betri isiishe, asubuhi na adhuhuri. Alisikia ukisema maji yanapungua, naye akitazama maji yanapanda. Anasema alikuwa ameshaamua kukaa. Ndege walikuwa wamemzoea, unga wa posho aliuloweka kwenye maji akala, na usingizi ulikuwa mtamu, na haoni ni kwa nini mtu aondoke mahali palipotulia namna ile. Kisha Jumamosi ukasema, "Roda ana," na ikawa kimya.

Akafunga sanduku kichwani kwa kamba, akaingia majini. Alitembea na kuelea usiku na mchana, akishika majani, hadi wavuvi wa ng'ambo wakamwona wakampakia mtumbwini. Akalala kwao siku tano na homa. Sanduku amewaachia, wameahidi kulileta kambini njia ikikauka. Mwambie Bwana Kolman halikupotea. Kurudi kwenu kulikuwa na maji katikati. Akashika njia ya huku, kwa miguu, hadi Mpemba.

Nikamwambia, "Na katika safari yote hiyo, ulidhani Roda ana nini?"

Akasema, "Nilihesabu yote. Ana homa. Ana msiba. Ana hasira. Ana mume mwingine. Kila mlima nilibadilisha."

Mama akacheka hadi akakohoa. Mimi sikucheka. Nikaiweka barua chini, nikamwambia mbele ya Mama kwa kuwa lile lingine nililisema mbele ya watu: "Anania, siku ile ulipokuja na kitambaa mkononi, neno nililokuambia halikuwa haki. Nakuomba radhi." Kuni zilianguka, akazisogeza kwa mguu wake uliofungwa kitambaa. Akasema, "Uliuliza nimekuja kumwona nani. Nilikuja kumwona Jenista. Nilikosa pumzi ya kusema." Na akalia, Fanueli, kwa mara ya kwanza, na mimi nikakaa karibu naye, na Mama akatoka nje akijifanya anamtafuta mbuzi.

Baadaye sana nikamuuliza tena. Nikasema, "Katika kuhesabu kwako kote, hukufikiri hata mara moja kwamba nina mimba?"

Akasema, "Hiyo sikuthubutu."

Kiapo chako nimekufungua. Uombe ruhusa mwezi wa Agosti.

Dada yako,
Roda